Mtoto Asiyelia

Watu wa kwetu wakitaka kukusifia mtoto hawakwambii ni mzuri. Wanakwambia, "Huyu hasumbui. Hata kulia hajui." Sifa hiyo nimeisikia tangu nikiwa mdogo kijijini Kishanda, na nilikuwa naiona ya kawaida tu, sawa na kumwambia mtu migomba yake imestawi. Siku hizi naichukia. Wenzangu ofisini wanajua: mtu akija na mtoto mchanga akaanza hadithi ya "huyu hata halii," mimi nakusanya chaki zangu natoka.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, shule ya sekondari huku Muleba. Nina mdomo, sikatai. Sikujaliwa mtoto wa tumbo langu. Nilikuwa na mdogo wangu mmoja, na huyo ndiye alikwenda Goziba kisiwani kupikia wavuvi. Akafungua mgahawa wa mabati na turubai, akapata mwanamume, wakapata mtoto wa kike. Mwanamume akahamia visiwa vingine kufuata samaki kabla mtoto hajaweza hata kukaa. Kisha mdogo wangu akaugua. Alipoletwa hospitali bara alikuwa amechelewa, na tukamzika nyumbani, kwenye kibanja chetu, kati ya migomba, pembeni mwa baba.

Mtoto aliletwa msibani na mama mmoja mpika chapati wa kule kisiwani. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika vitu. Yule mama akamweka chini kwenye nyasi tulizokuwa tumetandaza sebuleni, akasema, "Huyu hana shida jamani. Mama yake alipozidiwa tulikuwa tunapokezana, leo kwangu, kesho kwa mwingine. Halii." Waombolezaji wakaitikia kwamba Mungu ni mwema, amemwachia marehemu mtoto mtulivu.

Nikamwangalia. Nyumba imejaa wageni, wanawake wanaangua kilio kila anapoingia mtu mpya, na mtoto amekaa anachambua nyasi, unyasi mmoja mmoja. Hakutafuta uso wa mtu yeyote. Yule mama wa chapati alipoaga kuwahi boti, mtoto hakugeuza hata shingo. Nikamwendea, nikampakata, nikamwekea kiganja kifuani. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kama wa kifaranga.

Chuo cha ualimu tulisomeshwa saikolojia ya mtoto, somo ambalo wengi wetu tulilikariri tukalisahau. Mimi lilinirudia pale pale msibani. Mtoto aliyezoea kuitikiwa, ukimwacha analia, ukirudi anakukimbilia, na ukimshika ananyamaza. Yule aliyekuwa anaitikiwa leo na kesho haitikiwi, ukirudi anakung'ang'ania huku anakupiga makofi. Na yupo wa tatu, ambaye ukimwacha hasemi kitu na ukirudi hakutazami. Asiyejua atasema huyo wa tatu ndiye jasiri. Kumbe ni mtoto aliyekwisha kulia sana, akaona hakuna anayekuja, akaacha.

Basi nikaazimia jambo moja tu. Nilitaka alie nikiondoka.

Mama yangu alidhani nimechanganyikiwa kwa msiba. "Wewe mtoto wewe! Mungu kakupa mwana asiyedeka, unataka umfundishe kudeka?" Na mama hakuwa peke yake. Kwetu mtoto haagwi. Ukitaka kwenda shamba au kazini unamtoroka: mmoja anamwonyesha kuku huku, wewe unapita nyuma ya jiko na viatu mkononi. Tumelelewa hivyo sote, kwa upendo kabisa, ili tusilie. Nikamwambia mama, "Mimi simtoroki mtoto huyu. Ametorokwa vya kutosha." Alijua ninamsema nani, na marehemu hakutoroka kwa kupenda.

Kila asubuhi, bodaboda akiwa ananisubiri barabarani anapiga honi, nilichuchumaa mbele ya mtoto nikamwambia, "Naenda. Nitarudi." Hakunitazama. Alikuwa na kifuniko chake cha chungu anakizungusha. Jioni nilirudi nikachuchumaa tena, nikasema, "Nimerudi." Akageuza uso, akaendelea na kifuniko. Jirani yetu mmoja aliona mchezo huo siku nyingi, mwisho akaniuliza kama huko shuleni ndivyo tunavyofundisha, kuzungumza na vifuniko. Nikamwambia apite zake.

Novemba mvua zikakolea na senene wakashuka. Asiyejua senene ni kitu gani kwa Mhaya asinisumbue. Ni panzi, ndiyo, lakini mwite panzi mbele ya mama yangu uone. Alfajiri, umande ukiwa bado, mabawa yao yanakuwa yamelowa na hawawezi kuruka. Tulikwenda rweya, kwenye mbuga ya nyasi iliyo juu ya kijiji, mimi, mama, na mtoto mgongoni. Wengi ni wa kijani. Wengine ni wa kahawia, rangi ya nyasi zilizokauka, na mara moja moja unampata wa zambarau, ambaye watoto humgombania. Unaweza kusimama mbele ya unyasi ukasema hakuna kitu, mpaka unyasi wenyewe usogee.

Wiki hizo huwa ndiyo ninafundisha uteuzi wa asili, maana mfano unajileta wenyewe. Nafundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, nikiona macho yamewatoka narudia kwa Kiswahili, na ikishindikana kabisa namalizia kwa Kihaya. Mwaka ule niliachia senene wa kijani na wa kahawia kwenye kipande cha nyasi mbichi nyuma ya jiko la shule, tukafungulia kuku wa mpishi, nia ikiwa kuku wakila kidogo tuone ni wa rangi gani waliobaki. Kuku wakala wote! Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, mbona asili haijateua mtu?" Darasa likavunjika mbavu. Nikawaambia kuku wa mpishi si asili, ni balaa. Kesho yake tukarudia na kuku mmoja, tena tukamfukuza mapema, na ikawa kama vitabu vinavyosema. Wa kahawia ndio waliotangulia kuliwa, kwa sababu kwenye majani mabichi ndio walioonekana.

Kuna kosa moja ambalo wanafunzi hulirudia kila mtihani. Wanaandika kwamba senene alijibadilisha akawa wa kijani ili asionekane. Nawakata alama. Senene haamui kitu. Aliyeonekana aliliwa, asiyeonekana akabaki akazaa wanaofanana naye, basi, hakuna aliyekaa akafikiri. Lakini nikiwa nasahihisha karatasi hizo mezani, mtoto amekaa sakafuni, kimya, nilikuwa najikuta kalamu imesimama. Huyu wangu ndiye aliyefanya lile ambalo senene hawezi. Alizaliwa analia kama watoto wote, na mdogo wangu aliniambia kwenye simu kwamba kamzaa mpiga tarumbeta. Kisha kule kisiwani, wakati mama yake hawezi kuinuka, akajifunza mwenyewe kuwa rangi ya nyasi. Hakuna aliyemla. Ila hakuna aliyemwona pia.

Senene ndio waliotusogeza. Siku ile nilirudi kutoka rweya na kikapu, nikaketi naye barazani kuwapurura mabawa na miguu. Akachukua mmoja wa kijani, akamtazama sana, akashuka vidato kwa makalio, akamweka chini ya mbuni, mti wa kahawa, na kumwachia. "Aende wapi?" nikamuuliza, bila kutegemea jibu. Akasema, "Kwa mama." Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Tangu hapo ikawa desturi yetu, kila kikapu mmoja wa kijani anaachiwa, na mama yangu alipopiga kelele kwamba tunatupa mboga, hatukumsikiliza.

Na baada ya Krismasi, shule zilipofunguliwa, ikatokea. Nilichuchumaa kama kawaida, "Naenda. Nitarudi," nikageuka, nikafika kwenye bodaboda. Nikasikia yowe. Nikadhani ameungua. Kugeuka namwona anakuja mbio na miguu ile isiyojua mbio, makamasi yanamtiririka, mikono mbele, analia kwa ile sauti aliyoniambia mama yake, sauti ya tarumbeta. Nilimchukua, nikamshika mpaka akatulia, nikamwambia tena kwamba nitarudi. Akalia tena. Nikaondoka analia. Majirani walitoka kuona mtoto anauawa na nani. Na mimi juu ya pikipiki nikalia njia nzima kwa furaha, hata nilipofika shuleni mkuu wa shule aliniuliza nani amefariki.

Jioni alikuwa amesimama barabarani na mama yangu, ambaye alikuwa amechoka na amekasirika. Aliponiona alinikimbilia akaniingia shingoni, akanyamaza. Yesu na Maria, nilikuwa na mtoto.

Tuliishi hivyo mwaka mzima na zaidi. Akawa anaongea. Asubuhi nikisema "Naenda," yeye ndiye anamalizia "Utarudi!" kwa amri, kidole juu. Akawa mdekaji haswa, mlalamishi, mgomvi wa uji. Mama yangu alikuwa akisema nimemharibu. Nami namjibu, "Bado kidogo, nitamharibu zaidi."

Watu wa Kaagya, kwao na baba wa mtoto, walikuja mwezi wa Mei, senene wachache wa masika walipokwisha. Walikuja bibi yake mzaa baba na baba yake mkubwa, pamoja na mzee mmoja wa ukoo wao. Hawakuja kwa ubaya, hilo lazima niliseme. Walikuja na mbuzi na rubisi, pombe ya ndizi, wakaomba radhi kwamba mtoto wao wa kiume alitutia aibu, kwamba hawakujua ana damu huku mpaka mtu wa kisiwani alipowaambia. Bibi yule alilia kaburini kwa mdogo wangu, na hakuwa anaigiza. Mama akaniambia nilete kahawa ya kutafuna, maana mgeni kwetu hapewi neno kabla ya kahawa. Sikuinuka. Nilijua wakishatafuna kahawa yetu hakuna tena kugombana. Mama akaniangalia, akainuka mwenyewe na magoti yake mabovu, akaleta kikapu. "Nyegera waitu, karibuni," akasema, wakatafuna.

"Damu ni damu," mzee akasema. "Mtoto wa kike ataolewa akitokea ukoo gani? Akiulizwa kwao ni wapi ataonyesha wapi?"

"Ataonyesha hapa," nikasema.

"Hapa ni kwa babu yake mzaa mama, mwanangu. Hapa anatembelea."

Nikasema mengi. Nikasema mtoto si mkungu wa ndizi, hukati ukabeba begani. Nikawaeleza habari ya watoto na kuachwa, kwa mdomo wote nilio nao, na kwa elimu yote. Wakanisikiliza kwa heshima kabisa. Yule bibi akaniambia, "Mwalimu, nakuelewa. Lakini mtoto husahau." Nikamtazama mama yangu anisaidie. Alikuwa anaangalia mikono yake. "Wana haki," akasema. "Mimi nitakufa. Wewe huna mume wala mwana. Siku ukifa nani atasema huyu ni wetu?" Jibu la swali hilo nalitafuta mpaka leo.

Walirudi kumchukua Jumamosi iliyofuata na gari dogo la kukodi. Mama alitaka nipite nyuma ya jiko, niende kwa jirani, mtoto asinione. Nikakataa katakata. Nilimvalisha mwenyewe gauni lake la kanisani. Nikachuchumaa mbele yake kama asubuhi zote, na kwa mara ya kwanza sikujua niseme nini, kwa sababu sikuwa ninakwenda popote, na sikuwa na uwezo wa kusema nitarudi.

Alipoingizwa garini akaelewa. Alilia tarumbeta ile, akamng'ata baba yake mkubwa mkono, akanishika kitambaa cha kichwa kikabaki mkononi mwake. Wanawake wakasema loo, mtoto gani huyu, amedekezwa! Mimi nilisimama palepale mlangoni pa gari aweze kuniona. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akaniona ninavyolia. Akanyamaza, akafuta makamasi kwa kile kitambaa changu, akaninyooshea kidole kama anavyofanya asubuhi, akasema, "Mama, naenda. Nitarudi."

Gari likaondoka.

Bibi yake alikuwa ameomba kitu kimoja, na mama yangu alimkubalia kwa niaba yangu. Nisiende kwanza. "Ukija utamliza, mwalimu. Mwache azoee. Njoo wakati wa senene." Hakuna hata mmoja kati yao aliyeona ubaya wa jambo hilo. Kwao ilikuwa huruma, ni kule kule kutoroka na viatu mkononi ila kwa njia ndefu zaidi. Nilipiga simu. Kila nikipiga, bibi ananiambia vizuri, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema. Mwanzoni: "Bado analia jioni, anasimama barabarani." Baadaye: "Analia kidogo." Kisha siku moja, mimi nikiwa zamu, nimesimama nje ya bweni na simu sikioni, akaniambia, "Shukuru Mungu, mwanangu. Ameacha kabisa." Nikamshukuru, nikakata simu. Wanafunzi walikuwa wanapiga kelele bwenini na sikuwakataza.

Novemba nikaenda. Nilibeba senene wabichi kwenye mfuko wa nyavu, wa rangi zote, nikapanda basi la kwenda Bukoba, nikashuka nikachukua pikipiki mpaka Kaagya. Kwao ni kuzuri. Kibanja kimetunzwa, mibuni imepunguziwa matawi, nyumba safi. Mtoto amenenepa. Alikuwa barazani na mabinti wawili wa baba yake mkubwa, na aliponiona alisimama, akaja, akapiga magoti kama binti wa Kihaya anavyotakiwa kumsalimia mgeni. "Shikamoo," akasema. Nikamwitikia, nikafungua mikono. Akangoja kidogo kwa adabu, akarudi kwa wenzake.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa makofi. Nilijiambia akinipiga nitashukuru. Bibi akanikaribisha, akaleta kahawa, nikatafuna. Akanieleza jinsi mtoto anavyolala mwenyewe, anavyokula bila kuchagua. Nilisikia sauti tu, macho yangu yako barazani. Nilitaka mtoto ageuke mara moja aone kama bado nipo.

Wakaanza kuwapurura senene, watoto wote watatu na bibi. Nami nikasogea, nikasaidia. Mikono yake ilikuwa hodari kuliko zamani. Katikati ya kazi akachukua mmoja wa kijani, akashuka vidato, sasa kwa miguu, akaenda chini ya mbuni ulio karibu, akamwachia. Akarudi, akakaa, akaendelea. Hakunitazama.

"Ana mchezo huo," bibi akacheka. "Tangu juzi walipoanza kushuka. Anatupotezea mboga, na sijui ameutoa wapi."

Nikachukua senene mwingine, nikaendelea kupurura.

Jua lilipoanza kwenda chini nikaaga. Nikachuchumaa mbele yake, watu wote wakiwa wanatuangalia, nikamwambia, "Naenda. Nitarudi." Nilingoja amalizie. Alikuwa ameshika bawa la senene, analikunja na kulikunjua. "Haya," akasema. Nikamwekea kiganja kifuani, kama kumbariki tu, mtu asijue ninatafuta nini. Moyo wake ulikuwa unakimbia.

Nilitaka kulia mpaka migomba yao itikisike. Lakini ningelia pale, nisingeitwa tena, wangesema namvuruga mtoto, na sikuwa na njia nyingine ya kumwona isipokuwa kupendeza machoni pao. Kwa hiyo nikainuka. Nikakung'uta gauni. Nikatabasamu.

Bibi alinisindikiza mpaka barabarani, kanishika mkono, amefurahi kweli kweli. Aliogopa sana siku hii, akasema, na tazama ilivyokwenda, hakuna aliyelia, si mkubwa si mdogo.

"Sasa nimejua utulivu ule ameutoa kwako," akaniambia. "Umemlea vizuri. Kasinge waitu, hongera."

"Asante, mama," nikamjibu, nikapanda pikipiki.